Usipoujua Ufa Usiuzibe

Methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta imetumika sana hata imekuwa kama amri. Mwalimu huitoa darasani, mzazi humpa mwanawe, na mwenye nyumba huikumbuka kila aonapo mstari mwembamba umeshuka ukutani kutoka pembe ya dirisha. Sina ugomvi na wahenga. Ugomvi wangu ni na wale walioifanya methali hiyo kuwa kibali cha kuziba kila ufa, kwa kitu chochote kilicho karibu, upesi, bila ya kuuliza ufa umetoka wapi. Ufa katika ukuta ni mfano wa kikohozi katika kifua cha mgonjwa. Mtu amzuiaye mgonjwa asikohoe kwa kumfunga mdomo hakumtibu, amemnyima pumzi.

Nataka kushindana na fikira moja ipendwayo sana katika miji yetu ya pwani, nayo ni hii: nyumba ikitengenezwa vibaya, na gharama ikapanda mara mbili au mara tatu, mwenye kosa ni fundi. Twaisikia barazani kila jioni. Fundi kala fedha, fundi mwongo, fundi kachukua kianzio hakuonekana tena. Sikatai kwamba mafundi wa namna hiyo wako. Lakini nasema kuwa hasara iliyo kubwa kuliko zote, ile irudiayo mwaka hata mwaka na kumwachia mrithi nyumba isiyokalika, haianzi kwa fundi. Huanza kwa mwenye nyumba aliyeagiza kazi asiyoijua, juu ya nyumba asiyoijua, kwa kuwa alitaka kuona ukuta unang'aa kabla ya sikukuu. Fundi mwizi huiba mara moja akaenda zake. Mwenye nyumba mwenye pupa hukaa na mwizi wake maisha yake yote, maana mwizi huyo ni yeye mwenyewe.

Ushahidi wangu nitautoa katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja. Siuchagui mji huo kwa sababu watu wake wana pupa kuliko wengine. Nauchagua kwa kuwa nyumba zake zina tabia moja ijulikanayo, na kila kosa lifanywalo juu yake huonekana wazi. Atakaye kuyaona mambo yayo hayo Lamu au katika Mji wa Kale wa Mombasa hatahitaji kutafuta sana.

Ukuta wa nyumba ya kale ya Unguja hujengwa kwa mawe ya matumbawe, yakashikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Unene wake aghalabu hufika nusu mita, na pengine huzidi. Juu ya kuta hizo hulazwa boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti njema haina urefu mwingi, vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba. Upana wake kwa kawaida haupiti mita 3. Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha humwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto, ikapondwapondwa hata ikawa sakafu. Mwisho, ukuta hupigwa lipu ya chokaa, ndani na nje.

Ukuta wa namna hii hauwi mkavu kabisa hata siku moja. Hunywa maji kutoka ardhini, hunyeshewa masika na vuli, na hupata chumvi ya upepo wa bahari. Salama yake ni kwamba unachokinywa hukitoa. Lipu ya chokaa ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa jicho; jua likipiga, maji yaliyomo ukutani hutoka kwa mvuke. Chumvi inayoachwa na maji hayo huchanua juu ya lipu mfano wa unga mweupe, na lipu baada ya muda huchakaa, ikabanduliwa, ikapakwa nyingine. Waashi wa zamani walijua kuwa lipu itachakaa. Hiyo ndiyo kazi yake. Iliwekwa ife yenyewe ili jiwe liishi.

Njoo sasa kwa mwenye nyumba wa leo. Ameona lipu ya sebule imefanya madoa na inadondoka. Anaona haya, kwa kuwa harusi ya bintiye imekaribia na wageni watakuja. Anakwenda dukani ananunua saruji. Kitu hiki alikipatia hati ya ugunduzi mwashi mmoja wa Leeds, Uingereza, jina lake Joseph Aspdin, mwaka 1824. Kwetu kimekuwa kitu cha kila siku tangu kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilipoanza kazi mwaka 1954, na kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Sina neno baya la kuisemea saruji. Madaraja yetu, shule zetu, na nyumba za matofali zilizojengwa kwa saruji toka msingi hadi kilele zaidai heshima na zimeipata. Lakini kitu chema kikiwekwa mahali pasipokuwa pake huwa adui mwenye sura ya rafiki.

Lipu ya saruji ni ngumu, tena imefumba. Maji yaliyomo ndani ya ukuta wa matumbawe yakifika kwake hayapati mlango. Basi hupanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, na doa lililokuwa chini ya goti la mtu hufika kifuani. Chumvi nayo, ambayo zamani ilichanua nje, sasa hugandia nyuma ya lipu na kuisukuma. Baada ya miaka michache ukuta ukigongwa kwa kidole cha gumba hutoa sauti ya mtungi mtupu. Kisha lipu huanguka vipande vipande, na kwa kuwa ni ngumu kuliko jiwe ililoshika, huanguka pamoja na ngozi ya jiwe.

Hapa ndipo pupa inapoonyesha akili yake. Mwenye nyumba aonapo lipu imeanguka husema: yule fundi aliiba saruji, alizidisha mchanga. Humwita fundi wa pili na kumwamuru atie saruji zaidi kuliko wa kwanza. Ugonjwa umeagizwa kuwa dawa, na kipimo kimeongezwa. Lipu ya pili huwa ngumu zaidi, imefumba zaidi, na huanguka na jiwe zaidi. Wakati huo maji yaliyokosa njia yamefika kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa ndani ya ukuta. Boriti ya mkoko ni mti mgumu sana, lakini kichwa chake kikikaa majini mwaka baada ya mwaka huoza kama mti mwingine wowote. Na huoza pale ambapo jicho haliwezi kuona, nyuma ya lipu nzuri iliyopakwa rangi.

Tufanye hesabu, kwa mfano tu. Kila msomaji aweza kuweka tarakimu za mji wake. Tuseme lipu ya chokaa kwa sebule moja yataka shilingi 1,500,000, na lipu ya saruji yataka shilingi 1,000,000. Mwenye nyumba anachagua saruji, amejipatia faida ya shilingi 500,000, na usiku huo amelala amefurahi. Mwaka wa 4 lipu inaanguka. Anatoa 1,000,000 nyingine, pamoja na 300,000 za kubandua ile ya kwanza na kujaza mawe yaliyomeguka. Mwaka wa 8 analipa 1,300,000 tena, na safari hii boriti sita zimeoza, nazo pamoja na kazi ya kuegemeza dari zinataka 2,000,000. Jumla ni shilingi 5,600,000. Jirani yake aliyepiga lipu ya chokaa, na kila mwaka akatoa 50,000 za kupaka chokaa nyembamba juu yake, ametumia shilingi 1,900,000 kwa miaka hiyo hiyo 8. Badili tarakimu upendavyo. Mpango wa hesabu hautabadilika. Faida ya siku ya kwanza ni mkopo, na riba yake hulipwa kwa mawe na miti.

Lipu ni kosa dogo katika makosa haya. Liko la paa. Dari ya kale ikivuja, wako watu washauriwao, au wajishauriao wenyewe, kumwaga zege juu yake ili wamalize udhia. Chumba cha upana wa mita 3 na urefu wa mita 5, kikimwagiwa zege ya unene wa sentimita 10, kimebebeshwa mita 1.5 za ujazo. Mita moja ya ujazo wa zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Basi boriti zilizolazwa huko nyuma, katika enzi ya mababu, zimetwishwa kilo 3,600 juu ya uzito wa sakafu ya kale ambayo haikuondolewa. Ni uzito wa magari madogo matatu. Hakuna mzazi ambaye angekubali magari matatu yapandishwe juu ya chumba walalamo wanawe. Lakini zege kwa kuwa humwagwa karai baada ya karai, na watu wakiimba na kupokezana, hakuna auonaye uzito. Na mchanga wa zege hiyo ukiwa umechotwa ufuoni na chumvi yake, nondo zilizomo hushika kutu. Kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, nayo hupasua zege kutoka ndani. Ufa huo nao utazibwa kwa saruji.

Liko tena la maji. Mtu hutia choo na bafu orofa ya pili, akapitisha bomba ndani ya ukuta ili lisionekane, maana bomba lionekanalo si zuri. Kiungo kimoja kikilegea kikadondosha tone moja kila sekunde, hayo ni zaidi ya lita 4 kwa siku, na zaidi ya lita 1,500 kwa mwaka. Maji hayo yote hunywewa na chokaa na udongo wa ukuta. Mpangaji wa chini akilalamika kuwa ukuta wake una unyevu, hujibiwa kuwa nyumba za kale ndivyo zilivyo.

Lazima nitaje jambo jingine, ingawa ni la historia na lina uchungu wake. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na Serikali na vyumba vyake vikapewa familia nyingi zilizokuwa na haja ya makazi. Haja hiyo ilikuwa ya kweli, wala sitaki kuidharau. Lakini nyumba iliyojengwa kwa ukoo mmoja, yenye kisima kimoja na jiko moja, iligawanyika kuwa nyumba tano au sita zisizojuana. Kila mmoja akatengeneza chumba chake. Huyu kavunja kiambaza apate nafasi, yule kajenga kiambaza cha matofali juu ya boriti apate faragha, na wa tatu kafungua mlango palipokuwa na nguzo ya ukuta. Kila tengenezo, likitazamwa peke yake, lilikuwa na sababu njema. Nyumba nzima haikuwa na mtu wa kuitazama.

Wako watakaosema kuwa nakuza mambo. Kwamba lipu ikianguka huanguka lipu tu. Nawakumbusha Beit al-Ajaib. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 katika zama za Sultani Barghash bin Said. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliyapiga mizinga majumba ya kifalme yaliyokuwa ufuoni, na jumba hilo likabaki limesimama. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, sehemu yake kubwa iliporomoka na watu 2 wakafa. Siutaji msiba huu ili nimhukumu mtu. Nautaja kwa kuwa unaonyesha saa ya hatari. Nyumba kuukuu imezoea udhaifu wake. Mizigo yake imejitafutia njia ya kupita, huku ikiegemea pale na kule, mfano wa mzee ambaye amejua ni goti lipi asilikanyagie. Mtu ajapo na nyundo kumponya, hapo ndipo anapoweza kumwangusha. Iliyovumilia mizinga yaweza kuanguka mikononi mwa waitakiao heri.

Wala jambo hili si la nyumba za kale peke yake. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Mashahidi walisimulia kuwa siku hizo palikuwa na kazi ya kupanua nafasi ya biashara chini ya jengo. Yafaa kila mwenye nyumba atakaye kupata duka moja zaidi chini ya kuta zake aikumbuke tarehe hiyo kabla ya kununua sururu.

Sasa nirudi kwa fundi, maana nimeahidi kumtetea, na utetezi wangu hautakuwa wa kumsifu. Tazama namna tunavyomchagua. Huitwa watatu. Wa kwanza husimama mlangoni, hutupa jicho ukutani, akataja bei na siku saba. Wa pili hutaja bei ya chini kuliko ya wa kwanza na siku tano. Wa tatu hugonga ukuta, hupanda juu kutazama mfereji wa paa, huuliza bomba linapita wapi, kisha husema: Bwana, siwezi kukutajia bei mpaka tubandue hapa na hapa tuone ndani mna nini, na pengine kazi itataka kungoja kiangazi. Huyu wa tatu huambiwa hajui kazi. Wa pili hupewa kianzio. Akiisha kubandua akakuta mawe yamekufa na boriti zimeoza, hana budi kuchagua mojawapo: arudi kwa mwenye nyumba kuomba fedha zaidi, aitwe mwizi, au azibe, anyamaze, alipwe, aende zake. Sisi ndio tuliomfundisha kuziba na kunyamaza. Tumeuadhibu ukweli kwa njaa na kuutunza uongo kwa ujira, kisha twashangaa kuwa waongo wamezidi. Soko la mafundi ni kioo, na tusipoipenda sura iliyomo tusikilaumu kioo.

Nitajibiwa kwamba chokaa ni ghali, kazi yake ni ya polepole, na waashi waijuao wamekwisha. Jibu hili lina ukweli ndani yake, nami nitalipa haki yake. Chokaa huchomwa katika tanuu la magogo yenye mawe ya matumbawe juu yake; moto wake hula miti mingi. Ikiisha kuchomwa huzimwa kwa maji, na chokaa njema hulazwa muda mrefu kabla ya kutumiwa. Ikipakwa haigandi kwa siku moja. Hurudia ujiwe wake kidogo kidogo kwa kuivuta hewa, na mwashi hana budi kuilinda na jua na kuinyunyizia maji. Hii si kazi ya kumalizwa kabla ya sikukuu. Wala wazee wetu hawakuwa malaika. Waliikata mikoko na kuvunja matumbawe, na si kila walichojenga kilisimama. Lakini atakaye kujua chokaa yaweza nini na aende Kilwa Kisiwani atazame kuta za Husuni Kubwa, zilizojengwa mwanzoni mwa karne ya 14. Paa zimekwenda, watu wamekwenda, na kuta zingali zikibishana na bahari. Na kama waashi wamepungua, wamepungua kwa kuwa hakuna awaagizaye. Kijana hajifunzi kazi isiyo na mteja.

Na asiyeweza gharama ya chokaa mwaka huu, angoje. Neno hili ni chungu kwa watu wa pupa, lakini ni neno la akiba. Wakati angojapo azibue mfereji wa paa, akaze kiungo cha bomba, ayaondoe maji yatuamayo chini ya ukuta, aung'oe mti ulioota roshanini ungali mche. Kazi hizi hazina sifa. Hakuna mgeni wa harusi atakayezitazama akasema mashaallah. Lakini mara nyingi hizo ndizo dawa, na ile lipu mpya ilikuwa nguo tu. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tumeingia ndani, tukapaka rangi na ndani pia, tukadhani tumeitii methali.

Wako pia wasemao: nyumba ni yangu, nikiiharibu nimeharibu mali yangu. Ni hoja ya kiburi, na katika mji wa mawe ni hoja ya uongo vilevile. Nyumba za Mji Mkongwe zimeshikana mabega. Ukuta wa huyu ni egemeo la yule. Chini yake hupita watoto waendao chuoni na mama waendao sokoni. Nyingine ni wakfu, na ashikaye wakfu ameshika amana ya waliokufa kwa ajili ya wasiozaliwa. Nyingine zina warithi kumi na wawili, na mmoja tu ndiye mwenye fedha na ufunguo. Mji wenyewe umeandikwa katika urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na tangu mwaka 1985 iko Mamlaka iliyoundwa kwa ajili ya kuuhifadhi. Lakini hata pasingekuwako mamlaka wala dunia ya kutazama, mpangaji wa orofa ya chini angekuwako, naye hulala chini ya zege yako.

Msomaji wa jarida la fasihi aweza kuuliza ukuta umefuata nini katika kurasa hizi. Nami namwuliza: methali imefuata nini? Twawafundisha wanafunzi wetu kuifafanua methali ya ufa, na katika mtihani wakapata alama zote, ilhali hakuna awaonyeshaye ufa. Tanuu, timazi, boriti, lipu, na mwashi ni maneno yanayotoka vinywani mwa vijana sawasawa na yanavyotoka mikononi mwao. Lugha haiwezi kukaa katika nyumba iliyobomoka. Mtu asiye na jina la kitu hawezi kukiulizia, na asiyeweza kuuliza hana budi kuamini bei iliyotajwa mlangoni.

Basi tufanye nini? Nina machache ya kusema, na yote yawezekana. Uonapo ufa, chukua kalamu ya risasi, weka alama pale unapoishia, andika tarehe, kisha ungoje masika moja na kiangazi kimoja. Ufa usiosogea ni hadithi ya zamani, wafaa kuzibwa kwa chokaa kwa gharama ndogo. Ufa usogeao unazungumza habari za msingi au za boriti, na hakuna lipu duniani itakayounyamazisha. Usikubali bei ya kazi ya nyumba kuukuu kabla ya kubandua sehemu na kutazama ndani. Na umlipe fundi kwa kutazama huko, maana ndiyo kazi yake bora. Katika kila shilingi 5 ulizoziweka, moja uifungie kando mpaka ukuta uwe umefunguliwa na kujulikana. Andikianeni mapatano, na usiongeze dirisha wala kabati la ukutani katikati ya kazi kabla ya kupatana bei yake. Maongezo ya namna hiyo ndiyo yameza fedha nyingi, nayo hutoka kinywani mwa mwenye nyumba. Na fundi akikuambia asilolijua, sema sijui, tumwulize anayejua. Neno hilo halina gharama hata senti moja.

Nimesikia watu wakisema kwamba maendeleo ni kujenga. Nami nasema kuwa kutunza ni sehemu iliyo ngumu zaidi ya kujenga, kwa kuwa haina sherehe wala jiwe la msingi. Methali yetu itaendelea kuwa kweli kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kwa kizazi chenye mfuko wa saruji mlangoni na sikukuu mbele yake, yafaa iongezewe kipande chake cha pili: ukiuziba bila ya kuujua, utajenga nyumba nzima, ikiwa utabaki na watu wa kukaa ndani yake.